Ndege Isiyoruka

Wako watu Marekani na Ulaya ambao banda la gari hawalitii gari. Hujenga humo chumba cha rubani wa ndege ya kivita, kwa vipimo vyake kamili. Aghalabu huichagua F-16, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974. Plaiwudi hukatwa, swichi hufungwa moja moja, kiti hulazwa nyuma digrii 30, na fimbo ya kuongozea huwekwa upande wa kulia, kama ilivyo katika ndege yenyewe. Kisha kompyuta huileta mbingu kwenye skrini. Kazi hiyo hula miaka.

Msomaji atauliza, mtu mzima na mchezo wapi na wapi? Sisi hatucheki. Edwin Link alianza vivyo hivyo. Mwaka 1929, kwa ujuzi alioupata katika kiwanda cha vinanda cha babake huko Binghamton, New York, aliunda kindege cha kujifunzia kilichoinamishwa na mivukuto ya kinanda. Jeshi halikumjali hata 1934, marubani wake walipokufa wakipeleka barua katika hewa mbaya. Ndipo likanunua sita. Wangapi waliokoka kwa kuwa walianguka kwanza chumbani!

Ila lipo moja latukera. Fundi wa bandani hakisahau kitufe cha kombora. Nchi iliyo kwenye skrini ina barabara, nyumba na madaraja. Mwenye kulia hayumo. Lau tungealikwa, tungeketi kwa furaha, tukapaa, tukazunguka juu ya bahari, tukatua. Kitufe kile tungemwachia mwenyeji.