Mali Ikivuka Mpaka, Hukumu Itatoka Wapi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kulizungumzia jambo linalozigusa familia nyingi za Tunduma na mkoa wa Songwe kwa jumla: biashara ya mkopo baina ya watu wa nchi mbili, na mahakama itakayoamua pindi wakihitilafiana.

Tunduma na Nakonde ni miji iliyotenganishwa na mpaka tu. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 kimerahisisha kuvusha bidhaa. Hata hivyo, mizigo kukaguliwa mahali pamoja hakumaanishi kuwa hakimu naye ni mmoja. Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Zambia haimo. Zambia imo katika COMESA, ambamo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Nchi zote mbili zimo SADC, lakini mahakama ya jumuiya hiyo, iliyokuwa Windhoek, ilisimamishwa mwaka 2010. Kwa hiyo mfanyabiashara wetu hana budi kuielekea mahakama ya nchi mojawapo.

Tuchukue mfano. Mtu wa Tunduma amempa mwenzake wa Nakonde magunia ya mchele kwa ahadi ya kulipwa baada ya miezi mitatu. Mzigo umepokewa Zambia, fedha zilitakiwa kulipwa Tanzania. Deni lisipolipwa, kila mmoja atavutia kwake: huyu atasema ahadi imevunjwa Tunduma, yule atasema yeye anaishi na kufanya biashara Nakonde. Muda mrefu utapotea wakibishana juu ya mahali pa kushitakiana, kabla shahidi wa kwanza hajasikilizwa. Na mtaji uliokwama humo aghalabu si wa mtu mmoja. Ni wa mke, wa ndugu, pengine hata wa yatima.

Wapo pia wanaofungwa na maandishi wasiyoyazingatia. Katika kesi ya Sunshine Furniture dhidi ya Maersk (China) Shipping, rufaa ya madai namba 98 ya mwaka 2016, hati ya shehena ilikuwa imeitaja mahakama ya London. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishikilia kuwa waliokubaliana kwa hiari yao wanafungwa na makubaliano hayo. Mstari mmoja wa hati ukapeleka shauri la mfanyabiashara wa Tanzania hadi Uingereza!

Ndugu zetu, katika Sura Al-Baqarah, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, tumeamrishwa kuliandika deni la muda maalumu, mwandishi awe mwadilifu na mashahidi wawepo. Biashara ya papo kwa papo ndiyo iliyopewa ruhusa ya kutoandikwa. Basi asiseme mtu kwamba kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Kuandika ni kuulinda udugu usije ukavunjwa na usahaulifu au tamaa.

Rai yetu ni kwamba kila mkataba wa mkopo unaovuka mpaka uitaje mahakama kabla gari halijapakiwa. Wala isichaguliwe kwa kuwa iko jirani tu. Tuangalie kwanza mali ya mdaiwa iko wapi. Hukumu iliyotolewa Mbeya haiwezi kukamata ghala lililoko Nakonde mpaka ipelekwe Zambia na kukubaliwa huko kwa masharti ya sheria zao. Kushinda kesi nyumbani na kukosa cha kukamata ni hasara juu ya hasara.

Kwa mikopo mikubwa, wahusika waweza kukubaliana juu ya usuluhishi, kwani Tanzania imo katika Mkataba wa New York wa kutambua tuzo za usuluhishi tangu mwaka 1964, na Zambia tangu 2002. Kwa mikopo midogo, isiyoweza kubeba gharama za mawakili, wazee wa pande zote mbili watajwe mapema kuwa wapatanishi, na suluhu yao iandikwe na kutiwa saini.

Tunamwomba Allah azibariki biashara zetu na atuepushe na kula mali za watu kwa batili. Wabillahi tawfiq.