Picha za Likoni si Uongo

Wako wasomi wetu, na miongoni mwao wamo niliofundisha nao chuoni, wanaozicheka picha zilizokuwa zikipigwa katika vibanda vya kivukoni Likoni, Mombasa, miaka ya 1990. Ati ni uongo mtupu: kijana kibarua amesimama mbele ya pazia lililochorwa meli, ndege au majumba marefu, maua ya plastiki kushoto na kulia, kisha anaipeleka picha kwao bara kama kwamba amefika Ulaya.

Nauliza, ni nani aliyedanganywa? Mama aliyefungua bahasha kijijini alijua fika kuwa mwanawe hajapanda ndege. Pazia lile halikumpoteza hata mtoto wa darasa la pili. Alichosoma mama ni kingine: mwanangu yu hai, amenenepa, ana shati safi, hajatusahau. Na kwa kijana mwenyewe, anayelala chumba kimoja na wenzake na kuitwa mtu wa bara asubuhi hadi jioni, pale kibandani ndipo alipoamua mwenyewe aonekaneje.

Hao hao wanaocheka huzisifu picha za wageni wanaokuja kutafuta mhamiaji aliyejikunyata, macho makavu, jina hana. Hiyo ndiyo waiitayo kweli! Je, mhamiaji huyo aliulizwa? Picha ya Likoni ililipiwa na aliyemo ndani yake. Alichagua pazia, akachagua viatu. Pengine vilikuwa vya kuazima. Hata bwana harusi huazima koti, wala hatumwiti mwongo.

Tarehe 13 Agosti 1997 washambulizi walikivamia kituo cha polisi cha Likoni. Watu wa bara wakasakwa, vibanda vyao vikachomwa moto, maelfu wakakimbia. Wapiga picha wa pale wengi wao walikuwa wa bara vilevile, wahamiaji wakiwapiga picha wahamiaji. Mtu amelipa kodi ya chumba miaka kumi, kisha anaambiwa aende kwao. Sasa mwambie huyo kwamba pazia lenye meli lilikuwa mchezo wa kitoto.

Mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, ameziandikia picha hizo kwa makini. Wetu bado wanacheka, ilhali picha zenyewe zinaliwa na mende masandukuni. Waende wakawaulize wenye nazo wangali hai: nani alipiga, mwaka gani, pazia lilichorwa na nani, na nyuma ya picha paliandikwa nini.