Tuliza akili kwenye matatu, si lazima ulipie

Vijana wengi wa Machakos hudhani kutafakari ni mambo ya masonko: mkeka wa yoga, mishumaa, programu ya kulipia. Wapi! Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake huko Massachusetts, Marekani, mwaka wa 1979, aliwalenga wagonjwa wenye maumivu sugu ambayo tiba ya kawaida haikuwa imeyamaliza.

Wewe unayepanda matatu alfajiri kwenda Nairobi una darasa tayari. Foleni ikikwama Mlolongo, usikimbilie TikTok wala kubeti. Sikiza pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakija, iwe ni kodi ya nyumba, bosi au mpenzi aliyekuacha, yatambue tu, kisha urudi kwa pumzi. Dakika tano zatosha.

Ukweli usemwe: pumzi hailipi kodi, wala haiwezi kuwa jibu la serikali kwa vijana wasio na kazi. Lakini meseji uliyotuma ukiwa umewaka, au pesa ulizobetia ukiwa na stresi, ni vigumu kuzirudisha. Wahenga walituonya kuwa hasira hasara. Namna ya kuizuia ndiyo hii, na tunaweza kuianza kesho asubuhi, kabla ya kufika Mlolongo.