Aliyezidiwa Apite Kwanza

Ndugu zangu wa Maisaka, na wananchi wote wa mji wetu wa Babati, leo tuongee habari za mahali ambapo hakuna anayeomba kufika, lakini wengi tutafikishwa siku moja: jengo la wagonjwa wa dharura.

Umewahi kukaa kwenye benchi lile? Mkono umevimba, umefika saa mbili asubuhi. Saa tatu inaingia bajaji na kijana aliyezimia, anapitishwa moja kwa moja. Hujakaa sawa, mama anakimbia na mtoto aliyeshikwa na degedege, naye anapita. Unajisemea moyoni: hivi hapa hakuna foleni?

Foleni ipo. Ila haipangwi kwa saa uliyofika. Nesi anapokubana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, akakupima presha na kuhesabu unavyohema, anatafuta jambo moja tu: nani hawezi kusubiri. Hospitali nyingi hutumia rangi. Wa nyekundu anaingia sasa hivi, wa njano anafuata, wa kijani anasubiri. Nyumbani kwako, mtoto akiungua na uji wakati chakula kinapakuliwa, kuna anayenung'unika kwamba sahani yake imechelewa?

Utaratibu huu bado ni mgeni kwetu, ndiyo maana si ajabu ukitukera. Idara kamili ya dharura ya kwanza katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Sehemu nyingi za mikoani, aliyezidiwa na mwenye kikohozi walipokelewa dirisha moja. Kisha mwaka 2021 ukaja ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi. Kwa hiyo majengo tunayo. Kilichobaki, kwa maoni yangu, ni namna tunavyoingia humo.

Tuanze na simu. Mgonjwa akizidiwa, wa kwanza kumkumbuka ni shemeji anayefanya kazi hospitalini. Sikulaumu, mgonjwa wako unampenda. Lakini shemeji akiacha kazi aje kukupokea getini, amemwacha nani kitandani? Mpigie, sawa, ila umweleze mgonjwa ana hali gani na mtafika lini, ili wajiandae. Kumpitisha mbele ya wengine mwachie nesi wa mlangoni aamue.

Na je, yule asiye na shemeji?

Babati yetu ni njia panda. Mabasi ya Arusha, Singida na Dodoma yote yanapita hapa, na tangu barabara ya lami ya Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018, msafiri wa mbali anaweza kuumia mbele ya duka lako bila ndugu hata mmoja karibu. Unaweza kumsindikiza? Hata kama una haraka, unaweza kukabidhi simu yake na mkoba wake kwa nesi, ukasema ulimkuta wapi na aliumiaje? Maelezo hayo madogo daktari wa zamu anayahitaji sana.

Wengine wanaogopa kumbeba majeruhi kwa sababu ya fomu ya polisi, PF3. Fomu hiyo ina kazi yake polisi, na itafutwe. Lakini viongozi wa serikali wamesisitiza mara nyingi kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Mwambie na jirani yako.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu. Bibi ametoka Bashnet, anajua vizuri panapomuuma, lakini anaweza kupaeleza kwa Kiiraqw tu. Mwingine anazungumza Kigorowa, mwingine Kibarbaig. Wewe uliye na rangi ya kijani hapo kwenye benchi, lugha unaijua. Si uinuke? Muulize nesi kama unaweza kusaidia, na bibi mwenyewe kama anakubali. Kisha tafsiri anachosema tu. Akisema tumbo lilianza jana jioni, sema jana jioni, usiongeze dalili za shangazi yako. Na uliyoyasikia yabaki hapo hapo.

Habari ya pesa nayo inawarudisha watu nyumbani kabla hawajafika hata mapokezi. Asiye na uwezo asikimbie, aulize alipo Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatambua misamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wasio na uwezo. Ukimwona mtu anahesabu sarafu pembeni ya dirisha, mwoneshe mlango wa afisa huyo.

Sisi wenye mafua, au tuliofuata dawa za kila mwezi, zahanati na kliniki zipo. Tukianzia huko, nesi wa dharura anapata nafasi. Lakini kifua kikibana ghafla, mtu akishindwa kupumua, mjamzito akitokwa na damu, usijishauri hata kidogo. Nenda.

Nanyi ndugu zetu mnaotupokea, tunajua zamu ni ndefu. Tunawaomba neno moja tu kwa aliye kwenye benchi: "Mama, tumekuona, tunamhudumia aliyezidiwa, tutakuja kwako." Mtu akiambiwa hivyo, anatulia.

Tunaliweza hili la kumpisha aliyezidiwa. Maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh tarehe 3 Desemba 2023, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na baadhi ya majeruhi waliletwa hapa Babati, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Siku kama ile, kuna mwenye kidonda kidogo angedai kutangulia?

Wiki hii, weka namba 115 kwenye simu za nyumbani kwako. Haina malipo. Ni ya mfumo wa m-mama, unaotafutia usafiri wa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kwa dharura nyingine, ongea mapema na jirani mwenye gari au dereva wa bajaji anayelala karibu. Na mkutano wa mtaa ukiitishwa, mwombe mwenyekiti orodha mbili: wenye usafiri wa usiku, na wanaojua Kiiraqw, Kigorowa au Kibarbaig walio tayari kuamshwa. Ajenda nyingine zitakuwepo, lakini hii haimalizi dakika kumi.