Waalimu wa Chuo cha Kuunda Vyombo

Katika mialo yetu, toka Kagunga hata Kalya, husikika mara kwa mara neno hili, ya kwamba vijana wa Kigoma na Ujiji yafaa wafundishwe kuunda vyombo vya mbao katika chuo, wala si kwa kubahatisha kando ya baba zao. Neno hili twalikubali kwa moyo wote. Lakini kila liletwapo barazani, watu huuliza nyumba itajengwa wapi, mashine zitatoka wapi, na fedha atatoa nani. Bado hatujasikia mtu akiuliza: je, watakaokiendesha chuo hicho ni watu gani? Nasi twasema kwamba hilo ndilo lililopaswa kuulizwa kwanza, na hayo mengine yote hufuata nyuma yake.

Wala mtu asidhani kwamba ni jambo dogo. Ziwa letu la Tanganyika lina urefu wa kilometa 673, na kina chake chafika meta 1,470. Nchi nne zinakunywa maji yake. Watu wa Mwamgongo, ng'ambo ya msitu wa Gombe, njia yao iliyo rahisi ni maji. Huja Kibirizi katika chombo cha mbao, na hurudi katika chombo cha mbao: mama mjamzito, mwanafunzi na sanduku lake, magunia ya dagaa, madebe ya mawese. Liemba nayo imekaa siku nyingi katika miaka hii ya karibuni ikingoja matengenezo, na abiria wake wa vijiji vya kusini wamebaki na mitumbwi. Basi kati ya watu hao na kina kile pana ubao mmoja tu, na ubao huo umewekwa na mkono wa mtu. Amefundishwa na nani?

Tulipata kukizuru chuo kimoja cha ufundi. Hatukitaji jina wala mahali, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Tena hakikuwa cha Serikali. Mkuu wa chuo alitupokea kwa heshima, akatuonyesha ofisi yake, na kabati la vyeti, na michoro iliyotundikwa ukutani, michoro mizuri kweli kweli. Tukauliza, "Ni nani afundishaye kuunda?" Tukaonyeshwa mwalimu kijana mwenye adabu na elimu njema, naye kwa unyofu alituambia kwamba yeye mwenyewe hajapata kuunda hata mtumbwi mmoja uliokwenda majini. Nyuma ya banda tulimkuta mzee amekaa juu ya gogo, tezo mkononi, na wanafunzi saba wamemzunguka wakitazama vidole vyake. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, asiache kazi. Huyo ndiye aliyekuwa akifundisha. Lakini katika daftari la mishahara ameandikwa kibarua. Hulipwa kwa siku, na siku ya mvua halipwi.

Habari ya chombo walichokiunda mwaka ule tuliambiwa na wanafunzi wenyewe. Mbao zilinunuliwa na mtunza ghala, naye alizinunua mbichi, kwa sababu mbichi ni rahisi, na hesabu yake ilipendeza katika kitabu. Mzee alizigonga kwa kisigino cha tezo, akasikiliza, akazinusa, akasema, "Hizi zingoje mpaka kiangazi kijacho." Lakini mzee hana kiti katika mkutano wa waalimu, na neno la asiye na kiti haliandikwi. Basi chombo kikaundwa, kikapakwa rangi ya buluu, wageni wakaalikwa. Kilikuwa kimekaa juani majuma kadhaa, mbao zikanywea, na mishono ikaachama. Kiliposhushwa majini, maji yakaingia kama mtu aingiavyo nyumbani kwake. Wageni walikuwa wangali wakipiga makofi, na mkuu wa chuo alikuwa katikati ya hotuba yake, na mzee alikuwa ndani ya chombo, suruali imelowa hata magotini, akisindika pamba katika mishono kwa patasi. Katika hotuba ile alishukuriwa kila mtu, hata dereva wa gari lililowaleta wageni.

Wasomaji wetu walio wavuvi wanajua tusemalo. Walio wakulima na watutazame kidogo. Mti haupindiki kwa kuamriwa. Yule fundi akitaka taruma, yaani ule mti uliopinda ushikao mbao kwa ndani kama ubavu, haendi dukani kununua ubao mnene akaukata kwa msumeno upate umbo la upinde. Akifanya hivyo, nyuzi za mti zimekatwa, na siku ya mawimbi taruma litavunjika pale palipokatwa. Fundi huingia porini, huzunguka mti, hutazama matawi, akachagua tawi lililojipinda lenyewe tangu lilipokuwa changa, ili nyuzi zifuate upinde toka mwanzo hata mwisho. Kisha huondoa ule mti mweupe wa nje, maana huo huoza upesi, akabakiza moyo. Naye ajua ubao upi una mafuta na upi una kiu, msumari upi utaupasua, na mshono upana gani utabana pamba usiiteme. Ubao uliokauka vema huvimba kidogo uingiapo majini, ukabanana na mwenzake. Mbichi, wauona mwenyewe. Yote haya hayamo katika mchoro. Mchoro waonyesha chombo kilivyo siku kilipokwisha. Haukuonyeshi mkono ulivyofika pale.

Tunajua tutakavyojibiwa. Wako watakaosema, "Mzee huyo hajui kusoma. Mtu asiyejua kusoma awezaje kuitwa mwalimu?" Sisi tu waalimu, tumekula mkate wa chaki miaka mingi, na kusoma twakuheshimu kuliko hao wasemao. Lakini na tutazame mambo yaliyotendeka hapa hapa Kigoma. Mwaka 1913 meli iliyoitwa Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hata Dar es Salaam, ikaja bara, ikaungwa tena ufukoni kwetu, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Je, wenye karakana walimtuma nani aje kuiunga? Waliwatuma wafanya kazi wao watatu, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, watu wa nyundo na bamba la chuma. Makarani walibaki Ulaya. Tena mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiondoka, waliizamisha meli yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini yake grisi tele. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Miaka minane chini ya maji, na injini ikafaa! Amri ya kuizamisha ilitoka juu. Grisi ilitoka kwa mtu ajuaye maji hufanya nini juu ya chuma.

Lakini katika habari hiyo liko jambo lituumalo. Majina ya hao watatu yamehifadhiwa, nasi tumeyaandika hapa. Pamoja nao walifanya kazi mafundi wa Kihindi na Waafrika wengi, waliobeba, waliopanga, waliogonga chini ya jua la Kigoma. Hao husimuliwa kwa jumla tu, kama mizigo. Mzee wetu wa tezo naye ameandikwa "kibarua", na daftari lile litakapotupwa hatakuwapo mahali po pote. Hatuna nguvu ya kuwarudishia majina wale wa 1915. Huyu wa leo twaweza.

Hata wageni wa zamani hawakuona haya kuutumaini mkono wa nchi hii. Edward Coode Hore, baharia wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka 1878, alikuwa mtu wa vyeti vya bahari. Lakini alipoanza kulizunguka ziwa alikwenda katika mtumbwi wa gogo wa hapa hapa, akautia matanga, akauita Calabash. Meli ya mvuke, Good News, haikuelea mpaka mwaka 1885. Katika safari zile za kwanza roho yake ilikuwa mikononi mwa mchonga mtumbwi.

Wengine watasema, "Mbao zimekwisha, zama hizi ni za faiba, na Serikali yawakopesha wavuvi boti za faiba." Faiba ni njema, hatuna ugomvi nayo. Lakini mitumbwi iliyolala leo mchangani Kibirizi na Katonga ni ya nini? Tena boti ya faiba ikipasuka huko Kalya, ataiziba nani? Kweli mivule mikubwa, kama ile ya Ugoma, ng'ambo ya ziwa, iliyochongwa mitumbwi ya magogo ya zamani, imekuwa adimu. Ndiyo maana fundi alihama toka gogo hata ubao, kwa kuwa gogo lililotoa mtumbwi mmoja likipasuliwa hutoa mbao za mitumbwi kadhaa. Fundi alilifikiri jambo hilo kabla yetu. Na huko Lamu, mwaka 2018, ilishushwa baharini jahazi iitwayo Flipflopi, iliyoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa. Aliyeongoza kazi ile ni Ali Skanda, fundi wa majahazi, ambaye aliishughulikia plastiki ile kwa ustadi wa mbao, kwa taruma na mkuku na mishono. Kitu kilikuwa kipya, mkono ulikuwa ule ule.

Sasa tuwageukie mafundi wenyewe, maana hatukukusudia kuwasifu tu. Wazee wetu, mna choyo. Kijana huletwa kwenu na baba yake, naye huchota maji na kuchemsha chai miaka miwili kabla ya kuguswa na mpini wa tezo. Vipimo mmevificha vichwani, na mmoja wenu akifa kipimo chake huzikwa naye, kisha mwanawe huanza tena kuharibu mbao mpaka akipate. Tena wako kati yenu wapokeao fedha ya mvule wakaweka mti hafifu chini ya rangi. Hao wasitarajie kwamba chuo kitawapa kiti.

Ndiyo sababu hatusemi kwamba yule mwalimu kijana afukuzwe. La. Na akae kando ya mzee na karatasi yake, aandike kila kipimo, achore kila taruma kabla halijapigwa msumari, amwulize sababu, na akiona kosa alinene kwa adabu. Chuo kikiwa na mmoja wao tu ni nusu ya chuo. Tukataalo ni kwamba nusu moja ikae mezani na nusu ya pili ikae juani. Wala mtu asijitetee kwa kusema kwamba sheria haina mlango. VETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima mafundi waliojifunza kazini pasipo kupita chuoni, ikawapa vyeti. Wala nyumba hatuzikosi kabisa: Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi zake Mbegani karibu na Bagamoyo, Nyegezi huko Mwanza, na hapa kwetu Kibirizi.

Basi watakaoanzisha chuo cha namna hii katika mwambao wetu, wawe watu wa misheni, au halmashauri, au ushirika wa wavuvi, twawadai haya. Fundi aliyeunda vyombo vilivyokwenda majini aitwe mwalimu, na mshahara wake uandikwe katika daftari moja na la waalimu wengine, kwa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Awe na kiti katika mkutano wao. Mtunza ghala asinunue ubao hata mmoja ambao fundi hajaugonga. Na ratiba ya chuo isitungwe kwa kalenda ya shule za bara. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa wavuvi tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana; katika miezi kama hiyo mitumbwi imepandishwa mchangani, matumbo wazi, kila ubovu waonekana, na wenyewe wanatafuta mtu wa kuitengeneza. Ni darasa gani lingine lenye vifaa vingi namna ile, tena bila kulipiwa?

Liko dai moja zaidi, nalo twalisema bila mzaha ijapokuwa wengine watacheka. Chombo cha kwanza cha wanafunzi kikikwisha, mkuu wa chuo, na mtunza ghala, na mhasibu, wapande wote, waende Mwamgongo na kurudi, mwezi wa Julai, wakati upepo wa kusini unapovuma. Nasi tutapanda pamoja nao.