Siku ya Kutaja Bei

Mama msomaji, ziko kazi nyingi ambazo huanza nyumbani kama msaada wetu wenyewe, na baadaye zikageuka kuwa riziki. Mama hushona sare za wanawe. Jirani akaziona, naye akaomba ashonewe. Mama huoka keki ya siku ya kuzaliwa. Wageni wakaisifu, na wiki ya pili wakabisha hodi. Mwanzoni mambo ni mazuri, kwa kuwa kila mtu anashukuru. Ugumu huja siku ile mama anapotaja bei. Waliozoea kupewa watasemaje?

Siku hizi swali hili limeingia hata katika kazi za kompyuta. Wako vijana wetu, na wako akina mama wenyewe, wanaojitengenezea programu ndogo ya kurahisisha jambo lao, kisha watu wengine wakaipenda na kuitegemea. Mwezi huu tungependa kuwasimulia habari za mume na mke wa Marekani waliopita njia hiyo. Walifanya kazi nzuri, wakastahili kulipwa. Hata hivyo siku ya kutaja bei iliwaletea kilio. Tuone ni kwa nini.

WALIJITENGENEZEA WENYEWE

Mena Trott na mumewe Ben walikuwa wakiishi San Francisco, katika jimbo la California. Wote wawili walizaliwa Septemba 1977, wakipishana siku sita tu. Kwa sababu hiyo kampuni yao waliiita Six Apart, yaani waliopishana sita. Mwaka 2001 Mena alikuwa na tovuti yake binafsi iliyoitwa Dollarshort, akiandika humo mambo ya maisha yake kama mtu aandikavyo shajara. Programu alizozipata za kumsaidia kazi hiyo hazikumridhisha. Ben alikuwa fundi wa kuandika programu, na Mena alikuwa na jicho la kupanga sura ya ukurasa. Wakashirikiana wakatengeneza programu ya kwao.

Kazi ya programu hiyo ilikuwa rahisi kueleza. Badala ya mwenye tovuti kuhangaika kuandika kila ukurasa kwa alama za kompyuta, aliandika maneno yake ya kawaida tu, akabonyeza kitufe. Programu yenyewe iliyapanga kwa tarehe na kwa mada, ikayahifadhi ya zamani mahali pake, na kuacha nafasi ya wasomaji kuandika maoni yao. Waliiita Movable Type, jina lililotokana na zile herufi za chuma ambazo wapiga chapa wa zamani walizipanga moja moja kwa mkono.

Tarehe 8 Oktoba 2001 waliitoa kwa yeyote aliyeitaka. Mtu aliyeitumia kwa mambo yake binafsi hakudaiwa kitu. Aliyependa kuwashukuru aliweza kutuma mchango. Biashara ndizo zilizotakiwa kulipa. Habari zikaenea haraka, na watu wengi wakajenga tovuti zao juu ya kazi ya wanandoa hawa wawili.

BURE INA MZIGO WAKE

Akina mama twajua kwamba kitu kinachotolewa bure si bure kwa anayekitoa. Programu iliyo mikononi mwa maelfu ya watu huleta maswali mchana na usiku. Huyu ameshindwa kuifunga katika kompyuta aliyoikodi. Yule amegundua kasoro. Mwingine anataka iongezewe jambo jipya. Kazi iliyoanza kwa ajili ya tovuti moja ya mke ikawa kazi ya kutwa ya mume na mke.

Mwaka 2003 walipata mwekezaji, kampuni ya Neoteny iliyoongozwa na Joi Ito wa Japani, wakaweza kuajiri watu. Mwaka huo huo wakafungua huduma ya pili, TypePad. Huku mtu hakuhitaji kufunga programu wala kukodi kompyuta popote. Kila kitu kilikaa kwenye mitambo ya kampuni, naye alilipa kwa mwezi, kuanzia dola 4.95. Huduma hiyo ilizaliwa ikiwa na bei yake. Aliyeingia alijua tangu mlangoni anaingia wapi.

MEI 2004

Tatizo lilikuja kwa ile programu ya kwanza. Tarehe 13 Mei 2004 walitangaza toleo la tatu la Movable Type pamoja na masharti mapya. Toleo la bure lilibaki, lakini kwa mwandishi mmoja na tovuti tatu tu, bila msaada wa mafundi. Aliyetaka zaidi alitakiwa kununua leseni, kuanzia karibu dola 70 kwa mtu binafsi na kupanda hadi mamia ya dola kwa biashara.

Watu wakaja juu. Wengi walikuwa wamefungua tovuti nyingi kwa programu moja, hii ya mama, hii ya ndugu, hii ya marafiki, tena bila kupata faida yoyote. Walipopiga hesabu waliona wanadaiwa fedha nyingi kwa jambo ambalo jana halikuwa na deni. Lawama zikamiminika kwa mamia, na Mena ndiye aliyeutia saini ule waraka wa tangazo. Katika siku chache kampuni ilifafanua na kulegeza baadhi ya masharti. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kufunga mizigo yao.

Sasa tuseme haki. Je, hawa wawili walimnyang'anya mtu kitu? Hapana. Toleo la zamani liliendelea kufanya kazi kwa masharti yake ya zamani. Je, bei ilikuwa dhambi? La. Mtu aliyefanya kazi miaka mitatu ana haki ya kula kwa jasho lake, na wafanyakazi waliomtegemea nao walitaka mshahara wao.

KWA NINI WALIUMIA?

Kwanza, watu hawakuipenda Movable Type kama mteja anavyopenda sabuni. Waliisifu kwa rafiki zao, wakawasaidia wageni kuifunga, wakaiandikia programu ndogo za nyongeza bila kulipwa. Walijiona ni wenyeji. Siku ya bei waliambiwa, kwa namna fulani, kuwa wao ni wateja. Hata katika familia, binti anayesaidia dukani kwa mapenzi ataumia siku akipewa risiti.

Pili, kubaki na toleo la zamani hakukuwa chaguo jepesi. Siku hizo matangazo ya takataka yalikuwa yamevamia nafasi za maoni katika tovuti nyingi, na toleo la tatu ndilo lililokuja na njia mpya ya kuwatambua wanaoandika maoni. Aliyetaka kinga ilibidi aende mbele, na mbele ndiko kulikokuwa na bei.

Tatu, na hili twaliona kuwa kubwa kuliko yote, neno na deni vilifika siku moja. Sisi wauguzi hatubadilishi dozi ya mgonjwa wa kisukari bila kumkalisha chini na kumweleza: dawa hii itaongezwa, sababu ni hii, tutaanza tarehe fulani, ukiona dalili hii urudi. Dozi mpya huenda ikawa sahihi kabisa. Lakini mgonjwa anayekuta vidonge vya rangi nyingine kwenye pakiti bila maelezo hupata hofu, na pengine huvitupa. Wengi wa wale watu wa mwaka 2004 wangelipa kwa moyo mweupe kama wangeandaliwa.

MLANGO WA PILI

Wakati huo kulikuwa na programu nyingine changa iitwayo WordPress. Ilianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, wakiendeleza kazi ya fundi mwingine iliyokuwa imelala. Leseni yake ilimruhusu kila mtu kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, na ruhusa hiyo haikuweza kufutwa kwa toleo lililokwisha kutolewa. Tarehe 22 Mei 2004, siku tisa tu baada ya lile tangazo, WordPress ilitoa toleo lake la 1.2. Wengi waliokuwa wakitafuta pa kwenda wakahamia huko. Leo zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani zinatumia WordPress.

Msidhani kwamba waanzilishi wa huko waliishi kwa hewa. Mwaka 2005 Mullenweg alianzisha kampuni, Automattic, inayouza huduma zinazozunguka programu: kuhifadhi tovuti za watu, kuzilinda, kuwasaidia wanaokwama. Programu ilibaki bure. Kilichouzwa ni utumishi. Ajabu ni kwamba akina Trott nao waliijua njia hiyo, maana TypePad ilikuwa ya namna hiyo hiyo.

Six Apart iliendelea miaka kadhaa. Mwaka 2010 iliungana na kampuni nyingine, VideoEgg, na mwaka 2011 jina la Six Apart pamoja na Movable Type vikanunuliwa na kampuni ya Kijapani, Infocom. Huko Japani programu ile iliyotengenezwa kwa ajili ya shajara ya mke mmoja bado inauzwa kwa makampuni. TypePad nayo, ikiwa mikononi mwa wenyewe wengine, ilifungwa tarehe 30 Septemba 2025. Wateja wake walipewa notisi ya takriban mwezi mmoja kuondoa maandishi yao, wengine maandishi ya miaka ishirini.

TUJIFUNZE NINI NYUMBANI?

Labda mwanao ametengeneza programu ya kutunza hesabu za kikundi chenu cha kuweka na kukopa, na sasa vikundi vingine vitatu vinaitaka. Labda wewe mwenyewe ndiye mwenye kipaji hicho. Twapendekeza mambo haya.

1. Andikeni gharama kabla ya kupanga bei. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabuni bando, umeme, kodi ya kompyuta inayohifadhi kazi mtandaoni, na zaidi ya yote saa za kujibu simu. Mama mwingine hushangaa kuona kwamba anawalipia wateja wake.

2. Semeni mapema, hata wakati wa kutoa bure. Neno fupi latosha: "Kwa sasa ni bure. Tukianza kutoza tutawaarifu miezi mitatu kabla." Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo si jembe. Tatizo ni kumwacha mgeni mwaka mzima, kisha kumkabidhi jembe usiku wa manane.

3. Waheshimuni wa kwanza. Wale waliowasifu mlipokuwa hamjulikani wapewe muda mrefu zaidi au bei ya chini, na waambiwe kwa simu au ana kwa ana. Wasilisikie jambo hilo kutoka kwa watu wengine.

4. Fikirini kuuza utumishi. Kikundi cha akina mama huenda kisione sababu ya kununua programu, lakini kitalipa kwa furaha mtu wa kuja kuwafundisha, kutunza nakala za hesabu zao, na kupokea simu siku mambo yanapoharibika.

5. Mume na mke wapatane kwa maandishi. Kazi ni ya nani, fedha zinaingia wapi, nani atajibu maswali usiku, na nani atatia saini barua ngumu. Mapenzi ni mazuri, lakini hayajibu swali la nani anamiliki nini siku mwekezaji anapobisha hodi.

6. Acheni mlango wa kutokea. Kila anayetumia kazi yenu aweze kuchukua kumbukumbu zake na kuondoka nazo wakati wowote. Mteja anayejua kuwa aweza kuondoka hukaa kwa amani.

Nasi tunaotumia vitu vya bure tuna wajibu wetu. Mtunza hazina wa kikundi asiweke hesabu za wanachama mahali pamoja tu, hata kama mahali hapo pamedumu miaka kumi. Kila mwisho wa mwezi achapishe karatasi, au anakili daftarini, na nakala ikae kwa mwenyekiti. Na siku tukiletewa bei, tusikimbilie kutukana. Tuulize: mtu huyu amejibu simu zetu mara ngapi? Ada ya uanachama ya kila mmoja wetu ingeongezeka kwa kiasi gani tukimlipa? Mara nyingi tutakuta kiasi hicho ni kidogo kuliko tunachotumia kwa soda siku ya mkutano.

Basi mama, kama iko kazi ambayo umekuwa ukiwafanyia watu bure na mabega yameanza kulemewa, usingoje uchovu ugeuke hasira. Chukua kalamu jioni hii, uandike tarehe ya miezi mitatu ijayo, na kesho asubuhi umpigie simu mtu wako wa kwanza umweleze.