NANI ATALIPA MLANGONI?



Katika masomo yetu kila mtu ni mpenzi wa timu. Mwulize mtoto wa mwaka wa kwanza, atakutajia wachezaji wote kumi na mmoja wa Barcelona bila kupumua, na wale wa benchi pia. Wa mwaka wa nne atakueleza mambo ya Mazembe, tangu ilipoitwa Englebert na kuchukua Kombe la Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968, mpaka ile siku ya mwaka 2010 ilipocheza fainali ya dunia ya vilabu na Inter ya Milano. Wenye ndugu ng'ambo ya ziwa wamegawanyika Simba na Yanga, wanakosana hata chakula kikiwa mezani. Sasa mwulize huyo huyo: kipa wa timu ya mtaa wako anaitwa nani? Atacheka. Atakuambia, “Mkubwa, ile nayo ni timu?”

Juu ya jibu hilo nimechukua kalamu. Mimi ninasema ni timu. Inakosa watu, basi, na hao watu ni sisi.

Munajua kiwanja chetu siku ya mechi. Wengine wako juu ya ukuta, wengine wamepanda mwembe, watoto wanasimama mlangoni wanamwomba kila mtu mzima anayepita, “Baba, niingize na mkono.” Watoto siwasemi, hawana franka. Ninasema juu ya wale vijana wakubwa, wenye viatu vizuri kunipita, wanaokaa nje kipindi chote cha kwanza wakisikiliza kelele, wakingoja dakika za mwisho mlango ufunguliwe, waingie bule. Na hao ndio wanaotukana mwamuzi kwa sauti kubwa zaidi! Mtu hakulipa hata franka moja, anataka penati.

Wengi wanafikiri pesa za mlangoni zinaliwa na wakubwa. Inawezekana kuna mahali zinaliwa, sikatai. Lakini hesabuni pamoja nami. Chokaa ya kupiga mistari inanunuliwa. Mpira unapasuka. Waamuzi wanapewa nauli. Mchezaji akivunjika mguu, hospitali haimwulizi amefunga magoli mangapi. Halafu kuna safari. Timu ya Uvira ikishinda katika muji wetu inapaswa kwenda kucheza katika jimbo, na jimbo maana yake Bukavu: kupita uwanda wa Ruzizi, Sange, Luvungi, Kamanyola, halafu kupanda Ngomo, zaidi ya kilometa 100, na aliyepanda Ngomo siku ya mvua anajua kwamba mguu unatetemeka mbele ya mechi kuanza. Timu isiyo na pesa ya motokari haifiki. Isipofika inaandikiwa forfe, na sisi tunasema, “Munaona? Timu zetu ni za bule.” Tuseme wanafunzi mia mbili wa masomo haya wanalipa franka 500 kila mmoja: ni franka 100 000 kwa mechi moja tu. Haitanunua basi. Lakini inaweza kujaza mafuta katika lori iliyoombwa kwa rafiki.

Tutazame kwa jirani zetu wa ziwa hili hili. Kigoma ni mbali na Dar es Salaam, kilometa zaidi ya 1 200 kwa reli. Kwa miaka mingi mtu wa Kigoma alimpenda Simba ao Yanga kama sisi, kwa redio na kwa televisheni. Tarehe 25 Julai 2021 wote wawili wakaletwa kucheza fainali ya kombe pale Kigoma, kwenye kiwanja cha Lake Tanganyika; Simba akashinda 1-0 kwa goli la Lwanga. Ilikuwa siku kubwa, lakini ilikuwa siku ya wageni. Jambo ambalo mimi ninalipenda zaidi lilikuja mwaka 2023: Mashujaa, timu ya Kigoma yenyewe, wakapanda Ligi Kuu. Tangu hapo Simba na Yanga walikuja Kigoma kwa sababu ratiba iliwalazimisha, hawakuja kama zawadi. Ndiyo tofauti. Anayependa timu ya mbali anangoja kutembelewa. Mwenye timu yake, wale wakubwa wanamfuata nyumbani kwake.

Na Bujumbura je? Ni kilometa 30 hivi kutoka hapa, taa zake tunaziona usiku. Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikashindwa na Africa Sports ya Abidjan. Timu ya muji wa kandokando ya Tanganyika, yenye maji yale yale na sambaza zile zile! Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba upande wetu wa ziwa hauzai wachezaji.

Sasa nafika kwa jambo gumu, na ninaomba Bwana Prefe na mkubwa wa disiplini wanisikilize kwa uvumilivu. Sisi tunaolala hapa masomoni hatuna ruhusa ya kwenda kiwanjani. Sababu zinajulikana: mechi nyingi zinachezwa Jumapili, watu wanasukumana, kuna matusi, kuna mambo ya dawa (sisemi Dawa ya Bukavu, hiyo ni timu), na kurudi ni giza.

Ya Jumapili ni fupi. Siku ya Bwana tuko kanisani, sitaki kubadili hilo. Lakini kuna mechi za Jumamosi na za katikati ya juma. Na mtume Paulo, alipowaandikia Wakorinto, alichukua mfano wa watu wanaoshindana mbio uwanjani. Nadhani alijua kiwanja kinafananaje.

Ya kusukumana si fupi hata kidogo. Tarehe 14 Septemba 2008 huko Butembo, katika kiwanja cha Matokeo, Socozaki na Nyuki System walikuwa wanacheza. Kipa mmoja akashitakiwa kwamba anafanya uchawi, watu wakapigana, polisi wakarusha mabomu ya machozi, umati ukakimbilia mlango, na zaidi ya watu kumi wakafa, wengi wao vijana. Tarehe 11 Mei 2014, V.Club na Mazembe katika kiwanja cha Tata Raphaël, Kinshasa: tena fujo, tena mabomu ya machozi, watu 15 wakafa. Nimesoma mambo hayo mara nyingi na ninaona kitu kimoja: watu hawakuuawa na mpira. Waliuawa katika kusukumana, kwa sababu kila mtu alitaka kutoka kwa mara moja. Na Butembo ilianza na uchawi! Mtu anaamini kwamba goli liliingia kwa hirizi, anaacha kutazama miguu ya wachezaji. Sisi tunaojiita masomo ya Kiprotestanti tungekuwa na kazi pale kiwanjani, hata kwa kukaa kimya tu wakati wengine wanapiga kelele, “Wametega dawa!”

Lakini musidhani anayekaa mbali na kiwanja yuko salama. Tarehe 2 Julai 2010, siku ile Ghana ilipotolewa na Uruguay katika Kombe la Dunia, watu wa Sange walikuwa wamekusanyika kutazama mpira kwenye televisheni. Lori la mafuta likapinduka pale barabarani. Mafuta yakamwagika, wengine wakatoka kuyachota, moto ukawaka, ukaingia mpaka ndani ya nyumba walimokuwa watazamaji. Zaidi ya watu 200 walikufa. Ni barabara yetu hii, tunayopita kwenda Bukavu. Kuna wanafunzi hapa ambao jamaa zao wamezikwa pale, kwa hiyo sitaongeza neno. Ninataka tu kuonyesha kwamba mpira utakusanya watu, upende usipende, na swali la kweli ni hili: wanakaa wapi, wanatoka kwa mlango gani, na wanarudi nyumbani kwa njia gani.

Na hapa masomoni wanarudi kwa njia gani? Mimi ndiye ninayehesabu vitanda saa moja ya jioni. Ninajua sehemu ya ua ambako miti imelegezwa. Wanaotaka kwenda wanakwenda, ruhusa iwepo isiwepo. Wanatoka wawili wawili, wanarudi watatu juu ya pikipiki moja bila taa, dereva naye amelewa ushindi. Mwaka huu, jioni moja, mvua ilinyesha milimani wakati hapa chini kulikuwa kukavu kabisa. Munajua mito yetu: inashuka bila kubisha hodi. Wote tunakumbuka Aprili 2020, Mulongwe ilipobeba nyumba na watu. Jioni ile vitanda viwili vilikuwa vitupu, na wenzangu wale waliingia saa tatu ya usiku, wamelowa mpaka kifuani, wakisema walishikana mikono kuvuka. Walipewa azabu, na ilikuwa haki. Lakini kutoka saa moja mpaka saa tatu hakuna mtu, mwanafunzi ao mwalimu, aliyejua wako upande gani wa mto. Hapo niliona kwamba sheria yetu inakataza kwenda kiwanjani lakini haimzuii mtu kwenda. Inatuzuia sisi kujua amekwenda wapi.

Kwa hiyo ninapendekeza twende wote, kwa mguu, na mlango wa mbele.

Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, wakati timu ya hapa nyumbani inacheza. Kila darasa na kapita wake, mwalimu mmoja mbele na mmoja nyuma. Tunalipa, hatuombi kuingizwa bule kwa sababu ya yunifomu. Tunakaa karibu na mlango, hata kama pale jua linapiga machoni. Wasichana wakae katikati yetu. Kwa sasa wengi hawaendi kwa sababu ya mikono ya watu na nyimbo chafu, na timu inayokosa wasichana imekwisha kukosa nusu ya wapenzi wake. Mvua ikiwa inaonekana juu ya milima, hatutoki, hata kama ni fainali.

Tena tutoke dakika kumi mbele ya mwisho. Najua wengi watalia juu ya hii. Mpenzi gani anaondoka kabla ya filimbi? Wote tulimwona Michel Kuka Mboladinga, yule mpenzi wa V.Club, aliyesimama katika Kombe la Afrika kule Maroko, Desemba 2025 na Januari 2026, mkono juu kama sanamu ya Lumumba, hajitikisi tangu mwanzo wa mechi mpaka mwisho. Mimi ninamheshimu sana yule baba. Lakini yeye hana kengele ya saa kumi na mbili, sisi tuko nayo. Afazali tukose goli la mwisho, tutasimuliwa njiani na wale wa pikipiki.

Mwalimu mmoja, nilipomwonyesha maneno haya, aliniuliza kama wakati huu ndio wa kusema mambo ya mpira. Ni swali la haki. Desemba 2025, M23 walipoingia Uvira na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, nani aliuliza matokeo? Wala sisemi kwamba mpira unaleta amani, hayo ni maneno ya hotuba. Ninasema kwamba Jumamosi ambayo watu wa Kalundu na watu wa Kavimvira wanaweza kukaa pahali pamoja, wakapigia makofi watoto wao wenyewe, halafu kila mmoja akarudi kwake na miguu yake, Jumamosi hiyo tuishike, maana hatujui ziko ngapi. Mimi mwenyewe ni wa mwaka wa sita. Mbele yangu iko mitihani ya taifa, na baada ya hapo sitahesabu tena vitanda vya hapa. Ningependa kwenda kiwanjani mara moja na yunifomu yangu, bila kuruka ua.

Bwana Prefe ameniambia atajibu baada ya mkutano wa walimu. Wakati tunangoja, wanaotaka kwenda waandike majina kwa kapita wa darasa lao kabla ya Alhamisi jioni, na kando ya jina waandike mtaa wa nyumbani na mto wanaovuka. Mwenye pikipiki ya kaka yake aiache nyumbani.

Mkubwa wa wanafunzi,
mwaka wa sita